Chumvi ya Kliniki

Siku ya kliniki, akina mama wa kilimani walianzia kwa mshona nguo. Walijipanga uani kwake umande haujakauka, kila mmoja na kikaratasi chake mkononi, na mwenyewe amekaa kigodani na chupa ya plastiki mapajani, anawagawia chumvi kwa ncha ya kijiko.

"Ndiyo nini hiki, dada? Hata sisimizi hashibi."

"Kwani unaenda kupikia? Nesi anataka ya kudondoshea dawa tu. Sogea, mwenzio apite."

Ilikuwa chumvi nyeupe, laini, yenye madini joto, ambayo kaka yake dereva wa lori alimletea kutoka mjini. Kilima kizima kiliitegemea chupa ile, na hakuna chungu hata kimoja kilichowahi kuionja. Majumbani watu walipikia chumvi ya mawe, ya kijivu, ambayo mwenye duka aliichota guniani kwa kopo, na ng'ombe walilambishwa hiyo hiyo. Ya pakiti ilikuwepo zamani. Ikapanda bei, ikakaa rafuni mpaka maandishi yakafifia, mwisho mwenye duka akaacha kuileta. Alisema yeye anauza bidhaa, haweki maonyesho.

Ujanja wa kikaratasi haukuanza kwa kupenda. Vipimo vya madini joto vilipoanza, kila mama aliambiwa aje na chumvi ya nyumbani kwake. Ambaye chumvi yake haikugeuka zambarau baada ya kudondoshewa dawa alisimamishwa ukutani mbele ya wenzake, akasemwa kwamba hajali watoto wake, akahudumiwa wa mwisho jua likiwa utosini. Nani anataka kusimamishwa ukutani na mtoto mgongoni ana homa? Kliniki iliyofuata mshona nguo akatoa chupa yake, na tangu hapo hakuna chumvi iliyokataa kugeuka.

Mponda kokoto alifika wa mwisho. Alikuwa mjamzito, na tumbo lilikwisha kuanza kumgomea akiinamia mawe, lakini mawe hayaulizi mtu hali yake. Mkono mmoja alimshika bintiye, ambaye umri wa kuanza shule ulikuwa umempita na maneno yake bado ni mama, maji na hapana. Ukimwita kwa nyuma hageuki mpaka umguse bega. Watoto wa jirani walimwita Kinyonga, na mama yake alikuwa ameshagombana na nusu ya kilima kwa ajili ya jina hilo. Mwalimu mkuu hakumpa jina. Alimtazama tu, akasema darasa limejaa.

"Shoga, nimebaki na vumbi," alisema mshona nguo, akitikisa chupa.

"Nipe hilo hilo vumbi."

"Leo si ndiyo siku ya pakiti za bure? Usinisahau na mimi."

"Hizo ndizo zilizonitoa kitandani," alisema mponda kokoto, akakunja kikaratasi.

Alikuwa akizisubiri tangu kliniki iliyopita, siku ambayo nesi alielekeza fimbo kwenye bango ukutani na kueleza kwamba mama mjamzito akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa mzito wa kusikia na mzito wa kuelewa, na kwamba rovu la shingoni nalo linatokana na upungufu huo huo. Wenzake walipiga miayo. Yeye alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Somo lilipokwisha alibaki nyuma.

"Sista, huyu wangu nikimpa sasa, atakuwa sawa?"

Nesi alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama. "Mwili wake utafaidika, mpe. Ila yaliyoharibika tumboni hayarudi nyuma, dada. Huyo wa tumboni ndiye bado unaweza kumwahi. Wajawazito wote mtaletewa pakiti."

Tangu siku hiyo mponda kokoto alitembea na hasira isiyo na pa kuitua. Alilikasirikia gunia la mwenye duka. Alilikasirikia rovu la mama mkwe wake, kubwa kama boga changa, ambalo kilima kizima kililiona kila siku na kusema ni la ukoo, basi. Walikuja wakubwa kuomba kura, wakapeana mikono na mama mkwe, wakaliona. Walikuja wa kuhesabu watu, wakaliona. Kumbe dawa yake ni kitu cha kutia kwenye mchuzi, na hakuna aliyefungua kinywa! Usiku alimtazama bintiye amelala, akalia kwa uchungu, kimya kimya, asimwamshe mama mkwe.

Kliniki ilikuwa na mgeni. Gari la wilaya limeegeshwa kivulini, na afisa mwenye shati lililopigwa pasi anajipepea kwa kofia. Karibu na meza ya nesi kulikuwa na katoni iliyojaa pakiti za chumvi. Mponda kokoto alipoiona tu, moyo ukampoa.

Alifungua kikaratasi. Nesi akadondosha dawa, chumvi ikageuka zambarau.

"Safi," nesi alisema taratibu. Aliikodolea macho chumvi ile laini, sawa kabisa na ya waliotangulia, kana kwamba imetoka chungu kimoja. Akaita anayefuata. Mwaka mmoja nyuma aliandikiwa barua ya onyo kwa sababu vipimo vya kilima hiki vilikuwa vibaya. Sasa vilikuwa vizuri.

Kisha wajawazito wakaitwa mbele, wakapangwa safu, kila mmoja akakabidhiwa pakiti yake.

"Inueni juu kidogo! Tabasamu, mama zangu, au mmenuniwa nyumbani?" alisema dereva wa afisa, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga picha.

Wakacheka, wakapigwa picha. Mponda kokoto alikuwa ameibana pakiti yake tumboni kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu somo la bango alitabasamu kweli.

Afisa akasimama. "Akina mama, hongereni sana! Nimepitia vipimo vyenu. Kaya zote, nasema zote, zinatumia chumvi yenye madini joto. Asilimia mia! Hakuna kilima kingine wilayani chenye sifa hiyo."

Wakapiga makofi.

"Kwa hiyo ule mgao wa bure tumeuhamishia kwa wenzenu ambao bado wako nyuma. Ninyi mmeshavuka."

Makofi yaliendelea kidogo, maana mikono ilikuwa bado haijasikia. Dereva alikwisha kuanza kupita na katoni. "Rudisheni pakiti, mama zangu. Hizi ni za picha tu, zinaenda kwa wengine."

Mjamzito wa kwanza akarudisha. Wa pili akarudisha.

"Bwana afisa," mponda kokoto alisema, "sisi hatuna chumvi hiyo."

Mshona nguo, aliyekuwa benchi la mbele na mtoto wake, akamvuta upindo wa gauni. "Shoga, nyamaza. Utatuponza."

"Sinyamazi. Bwana afisa, chumvi yote uliyopimiwa imetoka chupa moja. Tunagawana asubuhi, tunakuja nayo hapa. Nyumbani tunakula ya ng'ombe. Njoo nyumbani kwangu sasa hivi, si mbali, ukapime chungu changu."

Afisa akamgeukia nesi. Nesi akaitazama meza.

"Ina maana mmeidanganya serikali?"

"Tumeidanganya, ndiyo! Waliosema kweli mliwasimamisha ukutani. Sista yupo, mwulize."

"Mama, punguza sauti."

"Sauti? Huyu hapa hasikii sauti hata ukimpigia debe sikioni!" Alimvuta bintiye mbele. "Huyu ndiye asilimia mia yako. Mtazame. Na mwingine yumo humu ndani, nataka nimwahi. Sina kingine ninachotaka."

Afisa alijifuta jasho. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililozidi kuudhi. Akashusha sauti kama anayembembeleza mtu asiye na akili. "Mama, nakuelewa. Lakini ripoti imeshakwenda juu. Siwezi kurudi wilayani nikawaambia ile asilimia mia haipo, nitaeleweka vipi? Mwakani mpimwe upya, mseme ukweli, mtaingizwa kwenye mpango."

"Mwakani huyu atakuwa ameshazaliwa."

"Utaratibu ndiyo huo."

Dereva akamfikishia katoni. Nyingine zote zilikuwa zimesharudi, zimepangwa vizuri. "Mali ya serikali, dada. Iweke tu, usijitafutie balaa."

Mponda kokoto akaitazama pakiti. Hata akiibania vipi, isingefika siku ya kujifungua, na alilijua hilo. Akaipeleka mdomoni, akaichana kwa meno, akamimina chumvi yote kwenye pindo la kitambaa alichojifunga kiunoni, akalifunga fundo kwa nguvu. Chembe zilizobaki kwenye vidole akamlambisha bintiye, ambaye alikunja uso, kisha akataka tena. Plastiki tupu akaitia kwenye katoni.

Dereva akamtazama afisa. Afisa akatazama saa yake, akatazama gari, kisha akamwambia nesi, "Andika hapo, pakiti moja imeharibika."

Nesi akachukua kalamu, akaandika, bila kuinua macho.