Saa Njema ya Kwenda kwa Bibi Aliya

Kabla Rahila hajakanyaga jumba la Beit el Kadim, saa ya kwenda huko ilikuwa imeshazungumzwa mpaka ikachosha. Ilizungumzwa jikoni, ikazungumzwa darini walikoanika nguo, ikazungumzwa hata Bi Mahbuba alipokuwa juu ya msala akivuta uradi, maana Bi Mahbuba alikuwa na tabia ya kukumbuka mambo katikati ya tasbihi.

"Asubuhi usende," alisema. "Asubuhi Marhoon yuko barazani na wanaume wake. Mwanamke hapiti pale."

"Basi adhuhuri."

"Adhuhuri? Jua la mlimani likukaushe ubongo, halafu ufike uwakute wamelala? Ungeniamsha mimi kwa shida yako, wallahi nisingekusikiliza."

"Magharibi, Shangazi."

"Na utatokaje? Mpaka mnywe kahawa, mwulizane hali, mzinga ushalia na milango ya Maskati ishafungwa. Utalala kwa askari?" Bi Mahbuba alirudi kwenye tasbihi, akavuta punje kadhaa, akainua uso. "Alaasiri. Watu washaamka, nyuso washaosha, kahawa iko motoni. Roho ya mtu hulainika saa hiyo. Nenda alaasiri."

Shida yenyewe ilikuwa mumewe. Rahila na Sleyum walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, na kila walichokiokoa kiliingia katika sanduku moja. Meli ilipotia nanga Maskati, afisa mmoja alipanda akawa anauliza watu maswali. Sleyum alipoulizwa amesoma wapi, alijibu Misri, tena alijibu kwa fahari, kama alivyozoea kujibu kwao. Afisa alimtazama kidogo, akamwambia asishuke. Siku zile aliyesoma Misri alihesabiwa mtu wa fitina hata kama alichosomea ni hesabu. Rahila yeye aliruhusiwa, kwa kuwa mume wa Bi Mahbuba, mzee aliyejulikana bandarini, alisimama akasema huyu ni mtoto wetu, akamchukua kwake Matrah, ng'ambo ya mlima.

"Shuka," Sleyum alimwambia. "Nitakuja nyuma yako."

Meli ilimpeleka Dubai, na huko ndiko alikobaki.

Sultani mwenyewe alikaa Salala, mbali, na hakuna aliyejua mlango wa kumfikia. Kwa hiyo watu walitafuta milango midogo. Ilisemwa Marhoon, bwana wa Beit el Kadim, neno lake lilisikilizwa na hao walioamua nani aingie nchini na nani arudishwe. Na ndani ya jumba hilo alikuwamo Bibi Aliya, mjane wa ami yake Marhoon. Bibi Aliya alizaliwa Malindi ya Unguja, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Kheiria, mama yake Rahila, mpaka alipoolewa akaletwa Maskati angali kigoli. Bi Mahbuba alipoligundua hilo alipiga makofi. Hakungojea hata kumaliza chai.

Siku ya kwanza Rahila alipika mikate ya kumimina, kwa nazi kavu ya dukani kwa Baniani iliyokuwa ishaanza kunuka sanduku. Akavuka mlima, akaingia lango la mji, akaulizia. Jumba lilisimama nyuma ya misikiti miwili, kuu, la rangi ya udongo, mlango wake umechongwa maua ambayo mikono ya watu ilikuwa imeyalainisha hata yasijulikane tena ni maua gani. Watu walisema lilikuwapo kabla ya kuta za mji. Ndani kulikuwa na uwanja wenye kisima, na ngazi zilizopanda pembeni hadi ukumbi wa wanawake, ambao boriti zake zilikuwa na maandishi ya dhahabu iliyofifia. Uwanja ulikuwa kimya. Hapakuwa na mwanamume hata mmoja.

"Mtoto wa Kheiria!" Bibi Aliya alimshika mashavu kwa mikono miwili. "Sogea nikutazame. Macho ya mama yako haya." Akamgeukia mtumishi wake kwa Kiarabu. "Bakhita! Leta kahawa, leta halua. Mtoto wa Kheiria huyu!"

Alikuwa mwanamke mnene, mweupe wa kukaa ndani, mwenye sauti ya kitoto. Alikula mkate akafumba macho. Akauliza habari za kisima cha Malindi, habari za mtu aliyekuwa akiuza urojo, habari za mti wa mpatakuva uliokuwa uani kwa akina Rahila. Aliongea Kiunguja cha zamani, chenye maneno ambayo Rahila aliyasikia kwa bibi yake tu. Jua lilishuka. Rahila alipofanikiwa kulitaja jina la Sleyum, vikombe vilikuwa vishaondoshwa.

"Nshakusikia, mwanangu," alisema Bibi Aliya, akampigapiga gotini. "Jambo hili nitalisema kwa Marhoon. Lakini taratibu. Wewe njoo tena. Na uje saa hii hii, alaasiri. Nyakati nyengine si nzuri."

"Umeona?" alisema Bi Mahbuba usiku ule, akijiona ameshinda. "Nlikwambia alaasiri."

Basi ikawa hivyo. Kila juma Rahila alipika, akavuka mlima, akaketi chini ya zile boriti. Alijifunza kuipanga ziara kama mpishi anavyoupanga moto: asifike mapema Bibi Aliya akiwa bado anasukwa nywele, asichelewe akakuta adhana ya magharibi inamkimbiza. Amwache kwanza ale. Amwache acheke. Alitaje jina la Sleyum kati ya kahawa na ubani, wakati roho imelainika. Na kila mara jibu lilikuja tamu: Marhoon amesema atalitazama. Marhoon amekwenda Sib, akirudi. Baada ya Ramadhani. Baada ya Hija.

Jambo moja lilimsumbua Rahila, akalikalia kimya. Bibi Aliya alikuwa na dada yake wa tumbo moja, Bi Sayyida, naye alikuja kwa meli za wakimbizi, naye alikuwa Matrah hapo hapo, mgonjwa, hawezi kuvuka mlima. Kila juma Bibi Aliya alimpelekea salamu na kipande cha halua kupitia kwa Rahila. Yeye mwenyewe hakwenda hata siku moja. Ukubwa huo, alifikiri Rahila. Wenye majumba hawateremki.

Salamu za Sleyum zilikuja kwa mdomo wa Ishaq, mfanyabiashara wa Matrah aliyekuwa akienda Dubai na kurudi. Mwanzo zilikuwa za kuchekesha: mwalimu wa hesabu anahesabu magunia. Halafu zikawa fupi. Mwaka wa pili ulipokuwa ukielekea ukingoni, Ishaq alikuja mwenyewe kwa Bi Mahbuba, akakaa mlangoni.

"Bi Rahila, safari hii nakwenda na mke wangu. Kama unataka, fuatana nasi. Ila ujue, ukitoka bila ya ruhusa, kurudi hapa usahau."

Rahila alitaka kusema ndiyo papo hapo. Lakini kesho yake ilikuwa siku yake ya Beit el Kadim, akaenda, akamweleza Bibi Aliya. Bibi Aliya alikitua kikombe.

"Usende! Mwezi ujao mambo yatakuwa tayari. Mumeo anakuja huku, wewe unakwenda kule, mtapishana baharini kama wendawazimu? Nisikilize mimi."

Rahila alimsikiliza. Ishaq na mkewe walisafiri bila yake.

Mwezi ujao ukaja ukapita. Kisha Ishaq akarudi, na mara hii hakukaa mlangoni, aliingia mpaka ukumbini. Sleyum anatema damu, alisema. Amelala kibandani, jirani ndiye anayemtilia maji. Rahila aliinuka hapo hapo. Ilikuwa asubuhi, hakupika chochote, hakufikiri saa. Alijitupia buibui akatoka, na Bi Mahbuba akawa anapiga kelele nyuma yake, "Si wakati huu, mwanangu! Si wakati huu!"

Mlango wa Beit el Kadim ulikuwa wazi, na barazani walijaa wanaume, viatu vyao vimetapakaa. Askari wa mlangoni aliinua mkono kumzuia, kisha akageuza kichwa kutazama kilichokuwa kikitendeka uwanjani. Rahila naye akatazama.

Bibi Aliya alikuwa amesimama karibu na kisima, pekupeku, buibui limemponyoka begani. Mbele yake alikuwa kijana mwenye ndevu fupi na joho safi, umri wa kuwa mwanawe.

"Dada yangu amekufa, Marhoon," alikuwa akisema kwa Kiarabu, na ile sauti ya kitoto ilikuwa imepasuka. "Sayyida amekufa alfajiri. Nipe punda, nipe mtu, nende nikamwoshe. Kabla jua halijawa juu nimesharudi."

"Wapo wa kumwosha."

"Sijamwona tangu aje. Hata mara moja hukuniruhusu."

"Panda juu, khala," alisema Marhoon, akimwita kwa adabu kama mama mdogo. Hakukasirika, hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwambia mtoto afunge dirisha. "Mbele ya watu hivi ni aibu."

Wanaume wa barazani waliangalia vikombe vyao. Bibi Aliya aliliokota buibui lake akageuka kwenye ngazi, na hapo ndipo alipomwona Rahila langoni.

Hapo Rahila akaelewa. Akaelewa kwa nini ilikuwa alaasiri tu, siku zote alaasiri, saa ambayo Marhoon alikuwa ametoka na uwanja umekuwa mtupu, na mwanamke yule angeweza kuketi chini ya boriti za dhahabu akajifanya mwenye nyumba.

Alimpita askari. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Marhoon, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyepata kulifanya pale.

"Nakuja kuuliza habari za mume wangu, Sleyum bin Majid. Yule aliyezuiliwa melini. Bibi amekueleza."

Marhoon alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sleyum yupi? Sijapata kulisikia jina hilo."

Hakusema uongo. Ilionekana usoni kwake.

Rahila alipanda zile ngazi. Bibi Aliya alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, na Bakhita, mtumishi wake, anampepea.

"Hukumwambia," alisema Rahila. "Hata mara moja."

"Ningemwambia vipi? Umeniona. Mimi hata mlango sina ruhusa kuukanyaga."

"Ungenambia mimi!"

Bibi Aliya alifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Ningekwambia, ungekuja tena?"

"Nisingekuja. Ningekwenda kwa mume wangu."

"Basi," alisema Bibi Aliya kwa sauti ndogo. "Unajua miaka mingapi sikuongea lugha yangu na mtu? Bakhita huyu hajui neno. Wewe ulipokuja na ile mikate… Nlijiambia juma hili tu. Halafu juma jengine."

Alinyoosha mkono kumshika. Siku hiyo alikuwa amefiwa na dada yake, na Rahila alijua lililo wajibu wa binadamu kwa mfiwa. Hakulifanya. Alitazama ule mkono mnene ukingoja hewani, kisha akashuka ngazi.

Aliondoka na safari iliyofuata ya Ishaq. Alimkuta Sleyum hai. Hilo alishukuru, ingawa mtu aliyemkuta hakuwa yule aliyemwambia shuka. Alikuwa mifupa na macho, chini ya paa la makuti lililovuja vumbi.

Alipomweleza yote, Sleyum alicheka mpaka kikohozi kikamkata. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili naletewa habari za kahawa. Amekunywa, hajanywa, roho imelainika. Ungekuja tu, Rahila. Ungekuja saa yoyote."

Hakulirudia tena neno hilo, na Rahila angependa zaidi angelirudia, wakagombana, likaisha. Walikaa pamoja msimu mmoja wa baridi. Joto lilipoanza kupanda Sleyum alikufa, na watu wa Pemba waliokuwa jirani wakamzika. Rahila alibaki Dubai akishona nguo za watu, kwa kuwa hakuwa na pahala pa kurudi.

Mwaka wa sabini nchi ikapata Sultani mpya, na milango ikafunguliwa. Tangazo lilisema waliosoma warudi, wanahitajika, tena waliosoma Misri pia. Rahila alisikia hayo redioni, sindano mkononi, akaizima redio. Hata hivyo alirudi. Bi Mahbuba alikuwa peke yake na amezeeka, na walimu wa kike walikuwa wakitafutwa kwa tochi, naye akaingia darasani kusomesha.

Siku moja gari lilisimama kichochoroni Matrah, na mwanamke mnene akateremka akishikiliwa na Bakhita. Marhoon hakuwa tena na la kumwamuru. Bibi Aliya aliingia akihema, akitazama kuta, akitazama wapita njia, kama mtu aliyefunguliwa kitambaa machoni.

"Rahila, mwanangu," alisema kwa Kiunguja. "Nimekuja mwenyewe. Hujambo?"

"Ahlan wa sahlan," Rahila alimjibu kwa Kiarabu. "Tafadhali, ukae."

Alimletea kahawa kama desturi inavyotaka, na tende, na maji ya kuoshea vidole. Bibi Aliya aliuliza hali kwa Kiswahili. Rahila alijibu kwa Kiarabu. Bibi Aliya alimpa pole ya mumewe kwa Kiswahili. Rahila alimshukuru kwa Kiarabu. Bibi Aliya aliuliza, machozi yakimlengalenga, kama Rahila bado anapika mikate ya kumimina. Rahila alisema, kwa Kiarabu safi cha darasani, kwamba haelewi anachoulizwa.

Bibi Aliya alikitikisa kikombe chake kuonyesha ametosheka, akainuka. Bakhita akamshika mkono. Gari likasikika likirudi kinyumenyume kichochoroni, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kugeuzia.

"Mtu mzima yule," alisema Bi Mahbuba kutoka kitandani kwake. "Amefungwa maisha yake yote. Neno moja tu lingekudhuru nini?"

Rahila alikusanya vikombe, akavipeleka uani, akaviosha. Alingoja kujisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa ameungojea wakati huo miaka. Maji yalikuwa moto kwa jua. Aliosha kikombe cha Bibi Aliya, akakiosha tena, na vizuri hakujisikia.