Kazi ya Kusindikiza

Nusu ya watu wa kijiji kile walitua duniani mikononi mwa Bi Pokea. Wengine sasa walikuwa na mvi, na bado akikutana nao njiani aliwatania: "Wewe ulitoka umekunja ngumi, ndiyo maana mpaka leo mkono wako hauachii kitu." Hakuna aliyekasirika. Utamkasirikia vipi mtu aliyekuona kabla hata mama yako hajakuona?

Kisha zahanati ikajengwa. Mganga mkuu akawaita wakunga wa jadi wote, akawaambia kwa upole kwamba kuzalisha nyumbani sasa basi. "Kazi yenu ni kusindikiza. Mkimwona mama ameshikwa na uchungu, mleteni." Wenzake walinung'unika. Bi Pokea alinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwake ilikuwa kaburini siku nyingi.

Mdogo wake, wa tumbo moja, alijifungulia kwake, katika chumba anacholala hadi leo. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likafuata, wakacheka. Halafu damu ikaanza, nayo ikakataa kusikia: si kukandwa tumbo, si dua, si dawa yoyote aliyofundishwa na mama yao. Hospitali ilikuwa mbali na gari halikuwepo. Mdogo wake alikata roho akiwa amemshika kidole. Yule mtoto wa kiume Bi Pokea alimlea kama wa kumzaa, naye hakuwahi kumwita jina jingine ila Mama.

Hata hivyo mikono nayo ina ukaidi wake. Kila alipopita mwanamke mwenye mimba, vidole vilimwasha. Aliutamani ule uzito wa kwanza, wa moto na wenye utelezi, unaokuangukia viganjani huku ukipiga kelele. Kwa hiyo mwanawe huyo alipomleta mkewe ajifungulie kijijini, kisha yeye akarudi mjini kazini, Bi Pokea alifua kanga kuukuu hadi zikalainika, akazianua, akazifua tena.

Uchungu ulimshika mkwe asubuhi, wakipukuchua mahindi. Aliangusha gunzi, akashika kiuno.

"Mama."

"Nimeona. Vaa viatu."

"Mimi kule zahanati siwajui. Wewe nimekuzoea." Machozi yalimlengalenga. "Si unipokee wewe mwenyewe? Nani atatuona?"

Bi Pokea aligeuka, akatazama nyumba. Chumba kilikuwa palepale, mlango wazi, kanga zimekunjwa kitandani. Mtoto alikuwa amekaa vizuri, alishampapasa. Na huyo alikuwa mjukuu wa mdogo wake. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana aliyebishiwa hodi na mchumba.

"Natamani kuliko unavyodhani," akasema mwishowe. "Vaa viatu, mwanangu."

Walikwenda polepole, wakisimama kila uchungu ulipokuja. Bi Pokea alimsema yule mume ili mkwe acheke: "Naye alijivuta hivihivi. Tangu tumboni hana haraka, sembuse kazini!"

Nesi wa zahanati alikuwa binti mwembamba, mwepesi, ambaye kitovu chake alikikata Bi Pokea mwenyewe. "Karibu, Bibi. Leo kaa huku kichwani kwake, umshike. Ila huku kwangu usije, maana nakujua!"

Akakaa kichwani. Maisha yake yote hakuwahi kutazama uzazi kutoka upande ule. "Pumua," alimwambia mkwe. "Bado. Haya, sukuma." Nesi naye alikuwa akisema hayohayo, sauti zikagongana, wote wawili wakacheka. Mtoto wa kike akatokea, akadakwa na mikono yenye glovu. Bi Pokea aligundua kuwa mikono yake mwenyewe imenyooka hewani, mitupu. Akairudisha taratibu.

Damu aliijua kwa sauti kabla ya kuiona. Ilidondoka kwenye beseni, kisha haikuwa ya kudondoka tena, ni ya kumiminika.

"Nesi!"

"Nimeiona, Bibi."

Nesi alichoma sindano pajani, akatundika dripu, akakanda tumbo kwa nguvu, vilevile kama Bi Pokea mwenyewe alivyokanda siku ile. Bi Pokea alishika kidole cha mkwe, akangoja kile kidole kilegee. Hakikulegea. Tumbo likawa gumu kama jiwe, damu ikakata, nesi akashusha pumzi, na mkwe akauliza kwa sauti ndogo kama kuna chai.

Bi Pokea alitoka nje, akakaa kwenye benchi. Nesi akamkuta huko.

"Mbona unalia, Bibi? Wote wazima."

"Ile dawa uliyomchoma. Inakaa wapi?"

"Kwenye friji, Bibi. Ipo siku zote."

"Ilianza kuletwa lini?"

"Sijui. Nilipoajiriwa niliikuta."

Kile kichupa alikuwa amekiona: kidogo, hakifiki hata kidole chake cha mwisho. Alimfikiria mdogo wake akiwa bibi kizee, meno machache, maneno mengi, ameketi naye kwenye benchi hili wakigombea nani ambebe mjukuu kwanza. Alitamani kumwona hadi kifua kikamuuma, kama aliyefiwa jana.

Aliporudi ndani, mkwe alimkabidhi mtoto. Alikuwa mkavu, amefungwa vizuri. Bi Pokea alimpakata, akamnusa utosi.

"Mama," mkwe akasema, "yule bibi yake mwingine alikuwaje? Baba yake anasema hujawahi kumsimulia hata siku moja."

Ni kweli, hakuwahi. Kijana hakuuliza kwa kuogopa kumuumiza, naye hakusema kwa woga uleule. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Alikuwa anaogopa kuku," akaanza. "Mtu mzima mwenye mume! Jogoo akiingia uani, yeye juu ya kinu."

Mkwe alicheka akishika tumbo. Bi Pokea akaendelea: alivyoimba ovyo na kwa sauti, alivyolamba sukari na kumsingizia paka, alivyokataa wachumba wawili kwa sababu ya viatu vyao. Chai ilipoa. Nesi alikuja kumwambia muda wa wageni umekwisha, akasimama mlangoni, akasikiliza kidogo, kisha akaenda kwanza kuwaangalia wagonjwa wengine.