Mama Mkwe na Bahari ya Sebuleni

Mama mkwe alipokuja kuishi nasi nilimpokea vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Nilimbebea begi, nikamkalisha sebuleni, nikampa chai, halafu nikamweleza habari za tangi la samaki. Nilieleza kwa mpangilio. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha sabuni. Nimezoea kuelekeza wafanyakazi wapya na siruki hatua. Nilimwonyesha matumbawe moja baada ya jingine, lipi linapenda mwanga mkali, lipi halitaki kuguswa, lipi likikaribiana na mwenzake linapigana. Nikasisitiza kwamba tumbawe si jiwe, ni mnyama. Nikafungua kabati nikamwonyesha tangi dogo la chini, ambako maji hushuka kuchujwa kabla pampu haijayapandisha tena. Yeye alisikiliza kwa adabu, ameshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

"Na mimi nitalala wapi, mwanangu?"

"Hapo kwenye kochi, Mama. Linafunguka."

Hayo ndiyo maelezo yote aliyopata kuhusu yeye mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikuwa na subira hiyo. Kabla hajavua viatu nilikuwa nimeshamkabidhi kopo la chakula cha samaki.

Mtu ataniuliza kwa nini mama mzima alazwe sebuleni wakati binti yangu ana chumba. Chumba cha binti kinatosha kitanda kimoja na kitu kimoja zaidi, na hicho kitu kimoja zaidi ni pipa la kuchanganyia maji ya chumvi. Binti ana miaka minane na amelizoea. Shuleni waliambiwa wachore familia zao, akachora baba, mama, yeye, na pipa. Mwalimu akaniita pembeni kuniuliza yule mnene mwenye kofia ya bluu ni nani, na kama anaishi nasi kwa ridhaa ya kila mtu.

Mama mkwe hakujileta. Nilimwita mimi. Kiwandani walitaka kunipa ukuu wa maabara, cheo nilichokililia tangu nilipomaliza stashahada yangu, na cheo hicho kilikuja na zamu: wiki hii alfajiri, wiki ijayo jioni. Mume wangu ni mpima ardhi. Akitoka na vyombo vyake anaweza kulala porini wiki nzima. Bila mtu wa kumpokea mtoto na kukaa naye, ukuu wa maabara ningeusikia kwenye bomba. Meneja alinipa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi nimjibu. Mama mkwe akakubali kuja, na mambo yakanyooka. Mtoto alipokewa, alilishwa, alisimamiwa kazi za shule. Nikaanza kutembea kiwandani kama mkuu kabla sijaitwa mkuu.

Nyumbani nilifika nikinuka sabuni. Sabuni na matumbawe ni paka na panya, kwa hiyo kila jioni nilisuuza mikono hadi viwikoni kwa maji matupu, mara tatu, ndipo nikasogelea tangi. Mtoto nilimkumbatia kabla ya kusuuza. Yeye angestahimili.

Halafu matumbawe yakaanza kunywea. Kubwa kuliko yote, lenye vidole vya kijani vilivyokuwa vikicheza na maji kutwa, lilijikunja kama ngumi. Nikapima chumvi: sawa. Nikapima joto: sawa. Nikapima kila kilichokuwa na kichupa cha kukipimia. Sawa, sawa, sawa. Mara mbili nilikuta taulo limelowa mbele ya kabati. Nikalianika na kumkaripia binti kwa kuchezea maji. Akaniapia kwamba hajagusa. Nikamwambia taulo halijilowanishi.

Kiwandani wananiita Rudisha, kwa sababu mche wa sabuni ukipinda kidogo tu nasema rudisha, na nikishika harufu isiyo yake nasimamisha mtambo mzima. Lakini kinyozi hajinyoi. Mtu wa kuniambia ukweli alikuwa anakula nami meza moja kila jioni, na mimi nilikuwa ninawahoji samaki.

Siku tumbawe kubwa lilipoanza kumeguka vipande, nililitoa kwa koleo, nikaja nalo hadi mezani ndani ya bakuli. Ndiyo, mezani. Watu wanakula.

"Kuna mtu anachezea tangi langu," nilisema. "Aliyemuua huyu nitamjua. Nikimjua tutaelewana."

"Bosi, ondoa maiti, tumalize chakula," mume wangu akasema.

"Si mimi," binti akadakia. "Mimi hata pipa langu siligusi."

Mama mkwe alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa, akaenda kukaa barazani peke yake.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kochi, shuka limeshakunjwa.

"Mwanangu, nimewakumbuka kuku wangu," alisema. "Jumamosi nitaondoka."

"Kuku, Mama?"

"Kuku."

Nilimfuata mume wangu bafuni, ana povu kidevuni.

"Mama yako anaondoka Jumamosi."

"Kulikoni?"

"Kuku."

"Kuku gani? Si aliwagawa wote kwa majirani kabla ya kuja?"

"Nenda kamuulize, wewe ndiye mwanawe."

Akaenda. Akarudi. "Amesema kuku."

Hapo maji yakanifika shingoni. Akiondoka Jumamosi, Ijumaa nitamwambia meneja ndiyo kwa kinywa gani? Nikaanza ukaguzi. Pengine ni chakula cha jioni ninachopika mimi; nikapunguza chumvi. Pengine ni mto, nikamnunulia mwingine. Pengine mtoto amekosa adabu.

"Umemjibu Bibi vibaya?"

"Hapana," binti akasema. "Ila wewe ulimkataza kukaanga."

"Sikumkataza. Nilisema asikaange mlango wa jikoni ukiwa wazi. Mafuta yanaruka hewani, yanaingia kwenye maji."

"Basi amechemsha kila kitu tangu siku hiyo. Hata mimi nimechoka."

Nikamruhusu mama mkwe kukaanga. Nilimruhusu, fikiria, mwanamke aliyemkaangia mume wangu tangu hana meno. Akasema ahsante, mwanangu, akachemsha.

Alhamisi niliomba ruhusa ya kurudi nyumbani mapema. Nilimwambia meneja nina dharura ya kifamilia. Kwa hiyo mtu angedhani nimekwenda kumbembeleza mama mkwe, maana kabla ya Jumamosi ilikuwa imebaki siku moja tu. Hapana. Nilikuwa nimegundua asubuhi, njiani kwenda kazini, kwamba sijawahi kupima yale maji mchana.

Nilifungua mlango. Kilichonishtua kwanza ni ukimya. Nyumba yetu haina ukimya. Ina mngurumo, tumeuzoea kama watu wa mashineni. Sasa nilisikia saa ya ukutani. Waya wa pampu ulikuwa umechomolewa na kukunjwa vizuri juu ya kabati, kama kamba ya mtu nadhifu. Mbele ya kabati taulo limetandikwa, kwa sababu pampu ikisimama baadhi ya maji ya juu hushuka kwenye tangi la chini na mengine humwagika. Samaki walikuwa wamepanda juu, wanapapia hewa. Na kwenye kochi mama mkwe amelala, mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyeudai muda mrefu.

Niliruka miguu yake nikachomeka waya. Mashine zikaunguruma. Mama mkwe akaketi, akanitazama, akautazama mkono wangu kwenye soketi.

"Umeanza na wao," alisema.

Nilikuwa bado nimeinama, makalio juu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Niliinuka, nikakaa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu aje, tulikuwa tumekaa tukitazamana na hata mmoja wetu hatazami tangi.

"Kumbe ni wewe unayezima."

"Ni mimi. Mchana tu, mtoto akiwa shule. Nikisikia wakati wake wa kurudi umekaribia nawasha."

"Na usiku?"

"Usiku sithubutu. Wewe unatoka chumbani kuwachungulia. Usiku nasinzia tu." Akalisonta kabati kwa kidevu. "Ile mashine inakoroma. Marehemu baba mkwe wako naye alikoroma, tena sana. Lakini yeye nilimpiga kiwiko akanyamaza. Hii nitaipiga wapi?"

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Siku niliyofika ulinionyesha kila mmoja humu ndani anataka nini. Huyu mwanga, huyu asiguswe, huyu asikaribiwe. Mimi hukunitaja. Nikasema, basi, mimi ndiye nisiyetaka kitu."

Nilikisogeza kiti changu karibu na kochi.

"Halafu nikaua mnyama wako," akaendelea, na sauti yake ikapungua. "Nilidhani kuzima kidogo hakuna neno. Ukamleta mezani kwenye bakuli. Ukasema aliyemuua utamjua. Mimi ni mtu mzima, mwanangu. Sikutaka unijue mbele ya mjukuu wangu. Bora kuku."

Nilitaka kumwambia kwamba sikumaanisha vile. Lakini nilimaanisha. Angekuwa mtu wa kiwandani ningekuwa nimeshampeleka kwa meneja na bakuli langu.

"Nisamehe, Mama," nilisema. "Lakini kukoroma ndiko kumekukosesha usingizi wote huo? Mbona watu wakija wanasema sauti ya maji inatuliza?"

Ulimi wangu ndivyo ulivyo. Mama mkwe akainuka kwenye kochi, akakung'uta mto, akauweka mahali pake.

"Lala hapo."

"Mama, nimetoka kazini, nguo zina..."

"Lala."

Nililala. Kichwa cha kochi kinagusana na kabati la tangi. Nilikuwa nimelipanga hivyo mwenyewe ili njia ya kupitisha ndoo iwe pana. Mngurumo ulianzia kwenye mbao, ukaja kwenye springi za kochi, ukapanda shingoni ukaingia kwenye meno. Juu yake kuna matone, yasiyolingana, kila ukidhani yameisha linadondoka jingine. Nikaanza kuinuka.

"Bado," mama mkwe akasema, amesimama juu yangu, mikono kiunoni. "Subiri ile inayonyonya."

Ikaja. Bomba lilivuta hewa na maji kwa pamoja, krrrooo, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija na hana aibu. Ikatulia. Nikashusha pumzi. Ikarudi.

Miaka yote nimeishi na sauti ile na kuisifia kwa wageni. Niliisikia nikiwa nimesimama, nina kichupa mkononi. Sikuwahi kuilalia.

"Usiku mzima?" niliuliza.

"Usiku mzima."

Niliinuka nikaenda chumba cha binti. Pipa lilikuwa limejaa maji niliyoyachanganya jana yake kwa uangalifu wa mfamasia. Nikayamwaga bafuni, ndoo kwa ndoo, mama mkwe akinifuata nyuma na kusema jamani, si ungewapa kwanza hao samaki, mbona unaharibu, wewe kila kitu kwako ni kwa vurugu. Nililiburuta pipa hadi chumbani kwetu. Nikamtandikia mama mkwe kitanda cha binti, mashuka masafi, na chini, pale lilipokuwa pipa, nikaweka godoro jingine la binti kulalia. Nikafunga mlango tukiwa ndani, nikategea sikio mngurumo wa pampu. Kimya. Nikaufungua, nikauliza swali lililokuwa limenikaa kooni.

"Sasa utabaki, Mama?"

Alibonyeza kitanda kwa kiganja, hapa na pale, kama mnunuzi mgumu.

"Nilale kwanza. Nikiamka nitakwambia."

Jioni mume wangu alirudi, akafungua mlango wa chumbani, akasimama.

"Huyu atalala upande gani?"

"Wako," nilimwambia. Akalizunguka pipa, akavua saa yake, akaiweka juu ya kifuniko. Mpima ardhi huyo. Anajua mpaka ukishawekwa umewekwa.

Ijumaa asubuhi mama mkwe hakuamka. Kwa kawaida alikuwa wa kwanza. Binti alitoka chumbani kwa ncha za vidole, mkoba mkononi, akaninong'oneza kwamba Bibi hajageuka hata ubavu. Chai ikapoa. Muda wa shule ukafika, muda wangu wa kazi ukapita. Tukasimama watatu mbele ya mlango ule, tukinyamazishana. Mume wangu alipiga chafya nikamfinya.

Simu ikalia, niliidaka kabla haijalia mara ya pili. Meneja.

"Rudisha, uko wapi? Nahitaji jibu. Unakubali au hukubali?"

"Nangoja," nilinong'ona.

"Unangoja nini?"

"Mtu aamke."

"Sikusikii!"

"Usipige kelele, tafadhali."

Mlango ukafunguka. Mama mkwe alisimama pale, shuka mabegani, alama ya mto shavuni, amevimba macho kwa usingizi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmesimama mlangoni kama askari? Kuna msiba?"

"Mama," nilisema, simu nimeiziba kwa kiganja, "kesho unaondoka?"

"Kwenda wapi?" Akamwona binti. "Na huyu mbona hajachanwa nywele? Njoo hapa. Saa hizi mtoto bado yuko nyumbani, mama yake amesimama tu anashika simu."

Nikaondoa kiganja.

"Ninakubali," nilimwambia meneja. "Lakini leo nimechelewa."