Kababu ya Mwisho Sahanini

Kwetu, kaskazini mwa Uswidi, mtu hachukui kababu ya mwisho sahanini. Hakuna aliyetufundisha, tumekua tunajua. Mimi niliichukua, siku tuliyomzika mama, kwa kuwa garimoshi langu lilikuwa karibu kuondoka na njaa inaniuma. Dada yangu Gunvor alinitazama nikitafuna mpaka nikameza.

"Haya," akasema. "Aliyemaliza sahani hana cha kurudia."

Sikurudi miaka thelathini na moja. Nilipaka meli rangi, nikavunja mawe, nikasoma darasa hili mji huu, lile mji ule. Mwaka huu magoti yakaanza kudai kitanda cha nyumbani. Nilitaka kujua jambo moja tu: Gunvor atanipokea?

Lakini sikwenda moja kwa moja. Nilizunguka kama paka aliyewahi kuungua jikoni.

Kule Denmaki nilifikia kwa Bodil, mjane wa rafiki yangu wa bandarini. Kababu zake ni bapa, za umbo la yai, zimekaangwa kwa siagi, pembeni kabichi nyekundu. Harufu ile ya siagi ilinilevya. Nikamwona mama dirishani, anatembea juu ya maji na kikaango mkononi, hana haraka.

Niliiacha ya mwisho.

"Unaogopa nini, babu? Haing'ati," Bodil akasema, akaitia kinywani mwake.

Norwei nikala kwa Torleiv, mvunja mawe mwenzangu wa zamani. Zake kubwa kama ngumi, zimezama kwenye mchuzi mzito wa kahawia, na njegere zilizopondwa.

"Hizi ndizo kababu," akatamba. "Zenu Waswidi ni gololi."

"Na yako ikimdondokea mtu mguuni, unamzika."

Ya mwisho niliiacha. Naye akaiacha. Mvua ikatubembeleza, tukasinzia vitini, na tulipoamka ilikuwa pale pale, mchuzi umeganda juu yake kama barafu ya kwanza ziwani. Hapo nikajua nimekaribia nyumbani.

Garimoshi likanipitisha msituni siku nzima. Miti ya kwetu yenye magome meupe ilipita mmoja mmoja, na kila mmoja niliona kama umenigeuzia mgongo.

Gunvor alifungua mlango. Amepungua mwili, nywele nyeupe.

"Vua viatu," akasema. "Viazi vimeiva."

Aliweka kababu tano, ndogo, za mviringo, na yale matunda mekundu makali ya msituni. Tukala mbili mbili. Ikabaki moja. Jua la jioni liliijia pale sahanini, likakaa.

"Chukua," akasema.

"Chukua wewe, dada."

"Siku hizi una adabu?"

"Nimefanya mazoezi njiani. Denmaki walinilia ya kwangu."

Mdomo wake ukacheza kidogo. Akachukua kisu, akaikata katikati, akala nusu. Nami nikaikata nusu iliyobaki, nikala yangu. Akakata tena. Nikakata tena. Tukaendelea hivyo, saa ya ukutani inahesabu peke yake, hadi ikabaki chembe kama punje ya shayiri.

Niliweka mikono yangu mapajani.

Gunvor aliitazama ile chembe, kisha akanitazama mimi. Akafunika sahani kwa sahani nyingine, akainuka, akaiweka kabatini taratibu.

"Tutaimalizia kesho," akasema, akaenda kunitandikia.