Abiria wa Ndege ya Mtumba

Kahigi hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na simu, hakuwa na mtoto wa kumzika, na tangu Machi hakuwa na kibanja. Migomba yake yote pale Muleba ilikatwa, na juu ya kaburi la mkewe Dativa ikamwagwa lami ya njia ya kurukia ndege.

"Ni kwa muda tu, Tata," Karugendo alikuwa amemwambia. Karugendo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ndege za Muda, iliyonunua ndege ya kivita iliyokwisha kutumika ng'ambo, ishike zamu mpaka mpya zifike. "Zikifika, utarudishiwa shamba lako na marehemu wako."

Ndege ilitua Jumanne saa tano asubuhi, rangi yake mpya haijakauka vizuri. Rubani alishuka, akaenda kunywa chai. Nyuma yake wakashuka watu kumi na wanane ambao ndege hiyo iliwaua huko ilikotoka. Walishuka kwa utaratibu, watoto kwanza. Wa mwisho alikuwa bibi mwenye sufuria iliyotoboka. Wakapenya ua bila kutafuta lango, wakaingia kwenye chumba alichopanga Kahigi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Kahigi aliwapa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni. Bibi alisema lugha yake, Kahigi akajibu Kihaya, wakaelewana.

"Ndege ikiuzwa, nasi tunahama nayo. Tunamtafuta mwenye ndege. Ni wewe?"

"Si mimi, waitu. Ni Karugendo. Anakaa Kahororo, nyumba ya ghorofa, geti jekundu. Msipige hodi. Yeye kwangu hakupiga."

Wakapanda basi la mchana kwenda Bukoba. Kondakta akawaambia wapakatane.

Wiki ya pili Karugendo alikuja, macho yamemvimba.

"Tata Kahigi, waondoe! Wamejaa mpaka kitandani. Yule bibi anapika tangu alfajiri, na sufuria inavuja."

"Wavumilie, mwanangu. Ni kwa muda tu."

"Unanicheka?"

"Sana."

"Unataka nini?"

"Ng'oa lami. Nizikwe kando ya mke wangu."

"Hilo haliwezekani."

"Basi mnunulie bibi sufuria."

Karugendo hakung'oa lami. Alihamia nyumba kubwa zaidi karibu na ziwa, ili apate walau chumba cha peke yake, kisha akatia saini ununuzi wa ndege nyingine sita, maana mpya zilikuwa zimechelewa. Bibi alimletea Kahigi habari, pamoja na anwani ya uwanja ambako hizo sita zilisubiri. Waliouawa na ndege hizo, alisema, walikuwa mia mbili na saba.

Kahigi aliwaandikia mwenyewe. Aliwaeleza njia, idadi ya vyumba, dirisha lenye komeo bovu, na kwamba Karugendo hulala upande wa ukutani. Alipokuwa akiandika, ndege ilipita juu ya Dativa mara mbili.

Alilamba bahasha, akaikandamiza kwa kiganja mpaka gundi ikashika. Posta, karani alisoma "Kwa Abiria Wote," akaipima uzito, akagonga muhuri, akaitumbukiza kwenye mfuko wa barua za ndege.