Askari wa Tabora Juu ya Shimo

Nilianza kuogopa asubuhi, nilipokuwa natafuta rangi ya ngozi.

Askari alikuwa juu ya meza, kifua na kichwa tu, kimo chake shubiri moja na nusu. Mama Laurentine ndiye aliyeniletea, katika boksi: vipande kumi na kimoja vya rezini ya kijivu, alivyotumiwa na mwanawe kutoka Ulaya. Babu wa mume wake alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji. Mwaka 1916 alitembea kwa miguu mpaka Tabora, akapigana na Wajerumani, akarudi mzima, bila picha hata moja. Jumapili ukoo wote ungekusanyika kwa Mama Laurentine, naye alitaka wajukuu wamwone.

"Unipe mutu," aliniambia mlangoni. "Hapana mudoli. Mutu."

Nilifanya kazi siku nne. Vipande niliviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana rezini hutoka katika kalibu yake ikiwa na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Nilikata vishina vilivyobaki, nikapiga tupa, nikasugua kwa msasa uliolowa mpaka mishono ikapotea. Nilitoboa shingo kwa keekee ndogo, nikatia waya, nikagandisha kichwa juu ya mabega. Halafu kola, halafu mkanda wa risasi. Kofia yake, tarbushi nyekundu, niliiacha bila gundi. Ilikaa tu juu ya waya wake, ili niweze kuivua wakati wa kupaka paji la uso.

Ikabaki ngozi. Ngozi ya mtu mweusi haitoki katika chupa moja, na anayefikiri hivyo abaki na mabango yake ya saluni. Mimi nahitaji uso ulio hai mbele yangu. Kwa hiyo nilimwita mdogo wangu.

"Glodi, kuya ukae hapa kwa dirisha."

"Yaya," akaniita, kama wadogo wanavyowaita dada zao hapa kwetu, "unaniingiza jeshi? Utanipa bunduki?"

"Nyamaza. Ukicheka shavu inabadilika."

"Basi nitakasirika. Ule askari alikuwa mukali, ao alikuwa muoga kama weye?"

Alikaa kwenye kigoda, mwanga ukamwangukia upande. Nilimtazama kama ninavyotazama kitu cha kupakwa, polepole, kipande kwa kipande. Chini ya jicho, zambarau kidogo. Juu ya pua, dhahabu. Katikati ya paji la uso nikaona mstari uliobonyea, mpana kama vidole viwili, unazunguka mpaka nyuma ya masikio. Ni alama ya ukanda wa tochi ya kichwani. Kwenye mizizi ya kope kulikuwa na vumbi.

Vumbi la barabara zetu ni jekundu. Hili lilikuwa jeusi lenye ubluu kwa mbali, na hapa Kolwezi hata mtoto anajua jeusi hilo linatoka wapi: chini, kwenye mashimo ya kobalti.

Kijiti cha kuchanganyia rangi kilinitoka mkononi.

Msimu wa mvua uliopita tulimzika Mechack, mtoto wa shangazi. Shimo lilimfunika mitaa mitatu kutoka kwetu, katika Kasulo hii hii tunayoishi, na walimtoa siku ya tatu. Glodi alibeba jeneza. Jioni ile alipiga magoti mbele ya mama, akaweka mkono juu ya Biblia yake, akaapa kwamba hatashuka tena ardhini. Mama alikuwa tayari mtu wa kitandani, upande wa kulia umekufa tangu ugonjwa ulipomwangusha. Alimshika kichwa kwa mkono wake mmoja. Tangu hapo Glodi alituambia anaosha malori kwenye parking ya barabara ya Fungurume.

"Jana mulisafisha malori mingi?" nikamwuliza.

"Mingi! Mugongo inaniuma. Juu ya nini unauliza?"

"Hakuna."

Mama alikuwa nyuma ya pazia, macho, anasikia kila kitu. Sikutaka ajue. Nilichanganya kahawia, nyekundu na tone la bluu, nikapaka tabaka la kwanza, jembamba. Nilipoinua uso, kigoda kilikuwa kitupu.

Baada ya chakula cha mchana mawingu yalijaa upande wa Mutshatsha na chumba kikawa na giza. Niliwasha taa ya betri, nikachukua brashi yenye nywele tatu nne tu, nikaanza macho. Kazi hiyo unaifanya kati ya pumzi na pumzi. Nikashika pumzi, nikagusa jicho la kushoto, na mboni ikateleza mpaka kwenye kope. Nikafuta. Mara ya pili ikateleza. Mara ya tatu nikainua mkono hewani, nikautazama. Mkono ulikuwa umetulia kabisa.

Ndipo nikasikia: tik. Tik, tik.

Tarbushi ilikuwa inacheza juu ya waya wake. Askari ananitazama kwa jicho moja, na kofia yake inagonga kichwa chake, kidogo kidogo, kama jino la mtu mwenye baridi.

Nikaondoa mikono mezani. Iliendelea. Nikashika miguu ya meza. Iliendelea. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja juu ya saruji, na saruji ikanijibu katika mifupa: pigo, kimya, pigo, pigo. Nikalaza sikio. Vyuma. Watu wawili au watatu, hawako mbali, na wako chini yangu.

Nikafungua pazia. "Mama, unasikia?"

Mama alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Ni panya," akasema.

"Mama."

"Tangu Jumanne wanakuna. Ni panya, Naomie. Tuseme ni panya."

Nilitazama mkono wake mzima. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kama mtu aliye ndani ya lori linalokimbia. Naye alijua, siku zote hizo alikuwa amelala juu ya mwanawe, anamsikiliza.

Mvua ikapiga mabati. Kwetu, mvua ikianza, wachimbaji hupanda juu, hilo ni jambo la kwanza wanalofundishana. Maji yakiingia, udongo wa juu unakuwa mzito na wa chini unakuwa uji. Nikangoja mapigo yakome. Hayakukoma. Chini kule walikuwa hawasikii mvua.

Na kwenye saruji, kutoka mguu wa meza mpaka chini ya kitanda cha mama, kulikuwa na ufa. Asubuhi nilifagia pale. Asubuhi haukuwepo. Maji ya mlangoni yaliufikia, yakaingia, yakapotea.

Nikashika mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, nikapiga sakafu kwa nguvu zangu zote. Mara tatu. Watoke! Wajue kuna watu juu! Tarbushi ikaanguka, ikabingirika chini ya kabati.

Chini pakawa kimya.

Nikashusha pumzi. Halafu mapigo yakarudi, ya haraka, mara mbili ya kasi ya kwanza, bila kupumzika, kama watu wanaokimbizwa. Nikaelewa nilichofanya. Ndani ya ardhi ya Kasulo kila timu ina shimo lake, na mashimo hukutana gizani. Ukisikia mtu anagonga karibu, huyo ni mwizi wa mshipa wako wa madini, na njia ni moja tu: umfikie kabla hajakufikia. Mchi wangu uliwaambia kuna timu nyingine juu yao. Nilitaka kuwatoa, nikawaharakisha.

Mlango wa karibu ni wa Stany, jirani yetu. Miezi mitatu alikuwa amezungusha turubai la bluu kwenye ua, akisema anajenga choo. Nilikimbia miguu mitupu katika matope, nikainua turubai. Chini yake kulikuwa na shimo la mviringo, pana kiasi cha mabega ya mtu, mbao mbili pembeni na kamba iliyofungwa kwenye gogo. Stany alikuwa ameishika. Pembeni zilikuwa ndara za Glodi, zimepangwa vizuri kama mlangoni mwa kanisa.

"Eh! Simama pale!" Stany akapaza sauti. "Mwanamuke hapana kufika hapa! Unajua weye mwenyewe!"

Najua. Kila mtu anajua. Wachimbaji wanaamini mwanamke akisimama juu ya mdomo wa shimo, madini yanakimbia, na shimo lile limekufa, hakuna atakayeshuka tena. Tangu utoto wangu nilizunguka mashimo ya watu kama ninavyozunguka makaburi.

"Stany, vuta kamba. Mvua inanyesha."

"Banajua kazi yabo."

"Nyumba yetu imepasuka. Glodi iko chini ya kitanda ya mama!"

"Glodi gani? Glodi anaosha malori."

"Na hizi ndara ni za lori?"

Akatazama ndara, akatazama maji. Yalikuwa yameanza kuingia chini ya turubai, yanashuka ukutani mwa shimo kwa michirizi myekundu. Niliona kwamba naye anaogopa. Lakini alisema, "Dada, bamebakiza kidogo. Bameona filon, mushipa yenyewe. Dakika kumi tu. Rudi kwako, nakuomba."

Dakika kumi. Mechack pia alikuwa amebakiza kidogo.

Nikaenda mbele. Stany akanyoosha mkono kunizuia, halafu akaurudisha, kwa sababu kunigusa pale ilikuwa mbaya zaidi. Nikaweka mguu wa kulia juu ya ubao mmoja na wa kushoto juu ya mwingine. Shimo lilikuwa kati ya miguu yangu, jeusi, linatoa hewa ya moto yenye harufu ya chuma na jasho. Mbao zikalia chini ya uzito wangu. Nikashika kamba.

"Mi ni Naomie!" nikapiga kelele chini. "Naomie Kazadi, yaya ya Glodi! Mi ni mwanamuke na niko juu ya shimo yenu! Nimeshika kamba yenu!"

Mapigo yalikoma.

Halafu matusi. Yalipanda kutoka chini kabisa, sauti ya mtu nisiyemjua, yakitaja mama yangu na bibi yangu na kila nilichozaliwa nacho. Sijawahi kufurahia matusi kama yale. Kamba ikakaza.

Wa kwanza alitoka, kijana mfupi, mweusi wa vumbi mpaka kwenye meno. Hakuniangalia, alitema mate upande wangu na kujitenga. Wa pili alitoka. Maji sasa yalikuwa yanashuka kama yanamwagwa na ndoo.

"Na Glodi?" nikauliza.

"Anafunga mufuko," wa pili akajibu. "Anasema haachi jasho yake juu ya wazimu ya dada."

"Glodi!" nikaita. "Glodi, kuya!"

Nikavuta kamba, ikaja nyepesi, haina mtu. Halafu chini kule kitu kikaanguka, kwa sauti nzito, laini, kama gunia la unga linalotupwa kutoka lori. Hewa ikapanda usoni kwangu mara moja, yenye vumbi la baridi.

Stany akasema, "Yesu."

Hakuna aliyesogea. Nilihesabu kwa sauti, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilitaka kuwe na kitu kinachoendelea. Nilifika kumi na tisa. Kamba ikavutwa kutoka chini, mara moja, halafu mara nyingine. Wote wakaruka, hata yule aliyetema mate. Tukavuta wanne pamoja, mikono yangu kati ya mikono yao, na hakuna aliyekumbuka kwamba mimi ni mwanamke.

Glodi alitoka bila mfuko, bila tochi, sikio moja linavuja damu. Alilala kwa tumbo akikohoa matope. Nilipomgusa mgongoni aliusukuma mkono wangu.

"Umetuharibia," akasema. "Miezi tatu, yaya. Miezi tatu! Juu ya woga yako!"

"Kule nyuma kumeanguka?"

"Kumeanguka kidogo."

"Pale mulikuwa mnapiga?"

Yule kijana mfupi alijibu badala yake, polepole: "Pale pale."

Maji yalikuwa yanazidi kuingia shimoni.

Stany alikuwa wa kwanza kufungua kamba kwenye gogo. "Shimo hii imekufa," akasema. "Jumatatu tunaanza ingine, kwa shemeji yangu. Glodi, unakuya?"

Glodi aliinua kichwa. Niliona anataka kusema ndiyo. Niliuona mdomo wake unavyojiandaa, na hofu ya asubuhi ilinirudia yote, nzito kuliko ilivyokuwa juu ya shimo.

"Akikuja, na mi ninakuya," nikasema. "Kwa shemeji yako, kwa mukwe wako, mahali popote. Nitauliza njia. Nitakaa juu ya mbao na meza yangu na rangi zangu, tangu asubuhi. Kila shimo yenye Glodi atashuka, nitakanyaga."

Mmoja akacheka. Alipoona wengine hawacheki, akaacha.

Stany akamgeukia mdogo wangu, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Mudogo, tafuta kazi ingine. Dada yako atatumaliza. Nitaambia na zile timu zingine, hakuna atakayekupokea."

Glodi alifunika uso kwa mikono yake myeusi. Nilimwaibisha mbele ya wenzake, na nilijua hatanisamehe karibuni, labda hatanisamehe. Alisimama, akainua turubai, akatoka bila kuvaa ndara.

Ua wetu ulikuwa maji matupu. Kati ya nyumba ya Stany na ya kwetu ni hatua ishirini, na chini ya hatua zile sasa nilijua kuna nini. Alitangulia kurudi kwa mama, mimi nyuma yake. Kila alipoweka mguu, nilingoja ardhi imshike kwanza, ndipo nikaweka wangu pale pale alipotoa wake.