Herufi za Baba Nyuma ya Skrini Nyeusi

Mchonga mawe ya makaburi alikuwa ameshapiga simu mara mbili. "Saa nne kamili nawasha mashine, dada. Mkiniletea maandishi yenu, sawa. Msipoleta, natumia yangu."

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Kitinda, binti wa mwisho wa marehemu, alikaa kwenye kiti cha baba yake akikodolea skrini nyeusi tii. Mama alikuwa amekataa katakata herufi za mchonga mawe. Fundi mabango aliyeandika milango ya nusu ya mji, alale chini ya mwandiko wa mtu mwingine? Herufi alizozibuni mwenyewe zilikuwa ndani ya programu kuukuu isiyokubali kompyuta za siku hizi. Kwa hiyo baba aliitengenezea kompyuta ya kuigiza, mashine ya zamani iliyoishi ndani ya mpya kama kiini ndani ya yai.

Kitinda alikuwa ameiwasha. Kompyuta mpya ilipokea amri zake, lakini ile ya ndani haikuonyesha kitu; giza tu.

"Imekufa hiyo," kaka yake akasema mlangoni. "Chomoa waya, tumwambie mchonga mawe aendelee."

"Usiguse, kaka! Taa ya diski inapepesa. Ukiizima ghafla, herufi zote zinaweza kuharibika."

"Inapepesa! Hata mimi napepesa macho, na sina kazi."

"Hilo tunalijua," mama akajibu kutoka chumbani. Kicheko kilitaka kuwatoka, kikarudi.

Kitinda akaiamuru mashine ya ndani ijizime taratibu, akasubiri. Taa ilipotulia, akafungua faili la mipangilio, akasoma mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa onyesho, yaani picha ya skrini, baba alikuwa ameandika: hakuna.

Akashangaa. Nani anaiziba mashine yake macho? Kisha akakumbuka. Mwaka jana kompyuta ilielemewa, baba akaifungia picha kuipunguzia mzigo, akaanza kuandika majina kwenye faili dogo, mashine ya kukatia stika inalichukua na kukata yenyewe. Hakuhitaji kuona. "Herufi zangu nazijua hata gizani," alikuwa akisema, na wao wakidhani anajigamba.

Akafuta "hakuna", akaweka "dirisha". Akawasha.

Dirisha likafunguka, limejaa mistari iliyopishana kama mkeka uliofumuka.

"Imebaki robo saa," kaka akasema. Sasa hakuwa na utani.

Tatizo lilikuwa kadi ya picha, kile kifaa kinachochora skrini. Ya kuigiza nayo, lakini mpya mno kwa mfumo ule wa kizee. Kitinda akazima taratibu tena, kila sekunde ikimchoma, akachagua kadi ya zamani kuliko zote kwenye orodha. Kijivu kikaja. Ikaja buluu. Kisha meza ya kazi ya baba, na herufi zake zimejipanga, mikia imepinda kidogo mwishoni.

Akaandika jina la baba. Mama alikuwa amekwisha kuja nyuma ya kiti.

"Hiyo herufi ya pili isogeze kushoto kidogo. Asingeiacha hivyo."

Akaisogeza. Akapiga picha kwa simu, akaituma. Zilibaki dakika tatu.

Simu ikalia. "Imefika, nitaifuatisha," mchonga mawe akasema. "Mwandiko mzuri huu. Kaandika nani?"

"Mwenyewe," Kitinda akajibu.

Kaka akanyoosha mkono azime kompyuta. Safari hii mama ndiye aliyemzuia, macho yake kwenye herufi.